Kiti, Jembe na Ngoma: Mafundi wa Biharamulo na Ngara na Historia ya Kuonyeshwa kwa Kazi Zao

Katika miji mingi ya dunia imekuwa desturi kutenga siku chache kila mwaka ili wabunifu wa samani na vyombo vya matumizi wapate kuonyesha kazi zao. Milano, katika Italia, maonyesho ya samani yalianza mwaka 1961, na baadaye yakatoka katika uwanja wake yakaenea katika mitaa na nyua za jiji. London imekuwa na tamasha la namna hiyo tangu mwaka 2003, na Nairobi nayo ina juma lake la ubunifu. Dar es Salaam ina Saba Saba. Humo mwenye kiti, mwenye trekta na mwenye sabuni hupanga bidhaa zao chini ya paa moja.

Ni rahisi kudhani kwamba jambo hili lote ni la mijini, na kwamba wilaya za mbali kama Biharamulo na Ngara, zilizo katika pembe ya magharibi ya Tanzania karibu na Rwanda na Burundi, hazina neno la kusema juu yake. Dhana hiyo haisimami. Nchi hiyo ilikuwa na mafundi wa mti, chuma na ukindu kabla ya kuwa na ofisi ya serikali, tena ilikuwa na mahali pa kuonyeshea kazi zao. Lililokosekana baadaye ni majina ya mafundi wenyewe, na pamoja nayo maneno mengi ya ufundi wao.

Yafaa kuanza na lugha, maana katika nchi ambayo hati zake za zamani ni chache, neno ndilo hati. Wilaya ya Ngara ina Wahangaza wa Bugufi na Washubi wa Bushubi. Biharamulo ina Wasubi, Wazinza na Warongo, pamoja na wageni wengi waliofuata. Guthrie aliweka Kihangaza na Kishubi katika fungu moja na Kirundi, Kinyarwanda na Kiha, yaani D60. Kizinza akakiweka pamoja na Kihaya katika E20. Mpaka wa mafungu haya mawili wapita katikati ya nchi inayozungumzwa hapa. Lakini kwa kiti, mafungu yote mawili yana shina moja: Kirundi na Kinyarwanda husema intebe, Kihaya husema entebe, na neno hilo hilo Waganda wamelifanya jina la mji kando ya ziwa. Kiswahili kikaenda njia nyingine. Kiti cha Mswahili si kingine ila mti uliopewa kiambishi cha chombo. Na Mrundi asemapo igiti hakusudii kitu cha kukalia hata kidogo, bali mti wenyewe. Mtu wa pwani akimwambia mwenzake wa Bugufi, "Niletee kiti," huenda zamani angeletewa gogo, na kwa kweli hangekuwa amedanganywa, kwa kuwa kiti cha nchi hizo ni gogo lililochongwa.

Na hapa ndipo ilipo tofauti kubwa ya ufundi. Kiti cha nchi za Maziwa Makuu huchongwa katika kipande kimoja cha mti. Kikalio chake ni mviringo, kimebonyea kidogo katikati. Miguu yake, mitatu au zaidi, imepindwa, na mara nyingi hukutana chini katika duara linaloishika isipasuke. Hakina msumari wala gundi wala kiungo. Fundi alikuwa na shoka, tezo na kisu, na alipaswa kukiona kiti ndani ya gogo kabla hajakata pigo la kwanza, kwa sababu pigo likikosea halina kiraka. Kiti cha pwani, na hasa kile kiitwacho kiti cha enzi, chenye mpingo, kamba na vipande vya pembe, ni kazi ya namna nyingine kabisa: huunganishwa. Fundi wake huanza na vipande vingi akamalizia kitu kimoja, na yule wa bara huanza na kitu kimoja.

Maneno ya Kiswahili yenyewe yashuhudia tofauti hii. Vitu vinavyochongwa katika gogo moja vina majina ya Kibantu: kinu, mchi, mtumbwi, ngoma, mwiko, kiti. Vitu vinavyounganishwa, na zana za kuunganishia, vimekuja na majina yao kutoka ng'ambo: meza na parafujo kwa Wareno, sanduku na msumari kwa Waarabu, randa kutoka Kiajemi na Kihindi, kabati kwa Waingereza. Kitanda chaenda kinyume cha kanuni hii, maana ni cha kuunganishwa na jina lake latokana na kutanda. Lakini kitanda cha asili hufungwa kwa kamba na kutandwa, hakipigiliwi. Hata samani, neno ambalo leo hukusanya viti na meza na makabati yote pamoja, asili yake ni Kiajemi, nalo kwanza lilikuwa na maana ya vyombo na zana kwa jumla. Bara hapakuwa na neno moja la namna hiyo, kwa kuwa hapakuwa na haja nalo: intebe ilikuwa ya kukalia, chungu cha maziwa kilichochongwa kwa mti, inkongoro, kilikuwa cha maziwa, na hakuna aliyefikiri kuviweka katika orodha moja.

Palikuwapo hata hivyo mahali pamoja ambapo vyombo vyote hivyo vilikutana, napo ni kwa mtemi. Nasaba ya Bahinda ilitawala Karagwe, Ihangiro, Buzinza na nchi nyingine za jirani, na Rusubi ilipojitenga na Buzinza ikawa na wafalme wake. Katika utawala wa namna hii vyombo havikuwa pambo tu. Katika Kirundi neno ingoma maana yake ngoma, na pia maana yake ufalme. Atwaaye ngoma atwaa nchi. Nyundo ya mhunzi ilikuwa miongoni mwa alama za mfalme, na Hamo Sassoon, aliyekuwa mhifadhi wa mambo ya kale Tanzania, katika makala yake ya mwaka 1983 alionyesha jinsi ng'ombe, uhunzi na ufalme vilivyofungamana katika nchi hizi.

Wageni wa kwanza kuandika habari hizi walikuwa wasafiri. Mwezi wa Oktoba na Novemba, 1861, Speke na Grant walipita Usui, nchi ambayo leo imo katika wilaya hizi mbili, chini ya mtemi Suwarora. Maelezo ya Speke juu ya Usui yamejaa manung'uniko ya hongo: nguo, ushanga, na zaidi ya yote koili za waya wa shaba. Msomaji wa siku hizi huchoka na hesabu ile ya malalamiko. Lakini waya ule haukutoweka ndani ya ghala. Waya mwembamba ulisokotwa kuzunguka vikuku vya miguuni, ukavishwa mipini ya mikuki na fimbo; kilichokuwa ushuru kwa msafiri kilikuwa mali ghafi kwa fundi. Speke aliona uchoyo mahali ambapo pia palikuwa na soko la chuma na shaba lililojua linalotaka.

Kaskazini, Karagwe, hazina ya Rumanyika ilionyeshwa kwa wageni waliostahili. Stanley, aliyefika huko mwaka 1876, aliingizwa ndani ya nyumba ya mviringo akakuta sanamu za bata na ng'ombe za madini, mikuki ya sampuli nyingi, na vyombo vya mti vya kuwekea maziwa, vyote vimepangwa. Mtu hawezi kusoma maelezo yake pasipo kutambua kwamba yale yalikuwa maonyesho kwa maana kamili ya neno: vitu bora vilichaguliwa, vikapangwa, na mwenye navyo akasimama kando akitazama uso wa mgeni. Tofauti ni kwamba aliyesifiwa alikuwa mfalme. Stanley hakuuliza nani aliyefua wale bata, au kama aliuliza hakuandika.

Wafuaji wenyewe wajulikana zaidi kwa jumla yao kuliko kwa mmoja mmoja. Warongo walikuwa chama cha wayeyushaji wa chuma kusini-magharibi ya Ziwa Victoria, katika Biharamulo na Geita ya leo. Hawakuwa kabila la damu moja, bali watu wa makabila mbalimbali waliounganishwa na kazi na miiko yake. Tanuru lao lilitendewa kama mwanamke mwenye mimba, na mambo mengi ya ndoa na uzazi yaliingia katika kazi ya kuyeyusha. Peter Schmidt, aliyewachunguza Warongo pamoja na wahunzi wa Buhaya, aliandika na Donald Avery mwaka 1978 kwamba wayeyushaji wa Buhaya walipasha hewa moto kabla haijaingia katika moyo wa tanuru. Jambo hilo limebishaniwa na wataalamu wengine, lakini hakuna aliyebisha kwamba chuma chao kilikuwa kizuri. Majembe ya nchi hiyo yalibebwa mbali hadi Unyamwezi, yakalima, yakalipa mahari, yakatumika mahali pa fedha. Jembe ni chombo cha ubunifu kama kiti, ijapokuwa hakuna aonaye haya kulikanyaga.

Na vikapu? Hapa wasafiri wako kimya zaidi, kwa sababu kazi ni ya wanawake na hufanyika ndani. Kikapu cha Bugufi ni ndugu wa agaseke ka Burundi na Rwanda: hushonwa duara juu ya duara, kaza kwa kaza, na kifuniko chake huchongoka kama paa la msonge. Mchoro wake huzunguka kikapu ukipanda, na haiwezekani kuuweka mahali pake bila kuhesabu. Mshonaji huanza chini kwenye kitovu na hesabu yote aliyonayo iko kichwani. Akikosea mzunguko mmoja, kosa hulionekana katika kila mzunguko unaofuata.

Utawala wa Wadachi ulileta desturi mpya ya kuchukua. Mwaka 1889 Baraza la Shirikisho la Ujerumani liliamua kwamba vitu vilivyokusanywa katika safari zilizogharimiwa na serikali vipelekwe kwanza Berlin. Tangu hapo afisa wa boma, mwenye kupima nchi na daktari wa jeshi walikuwa pia wakusanyaji. Mwaka 1906 Bukoba, Ruanda na Urundi zilifanywa kila moja kuwa chini ya Residenti. Biharamulo ikajengewa boma lake, ambalo kuta zake zimedumu kupita utawala uliolijenga. Mwaka 1910 Stuhlmann alichapisha kitabu kikubwa juu ya ufundi na viwanda vya Afrika ya Mashariki, na mwaka huo huo Rehse akatoa kitabu chake juu ya Kiziba. Mwaka 1911 Hans Meyer alizuru nchi za katikati ya maziwa, na kitabu chake juu ya Warundi kikatoka mwaka 1916. Kazi hizi ni za thamani, na mwenye kuchunguza samani za nchi hii hawezi kuziruka. Lakini zilipangwa kwa makabila na kwa vituo. Chombo kilichonunuliwa njiani kiliweza kuandikwa jina la kituo kilikopakiwa, wala si la kijiji kilikochongwa. Na kwa kuwa Biharamulo ilikuwa njiani tu, baina ya Bukoba na Urundi na Tabora, haikosi kwamba vitu vyake vimelala katika kabati za Ulaya kwa majina ya majirani. Tatizo hili halikuwa la bahati mbaya tupu. Aliyenunua kiti kwa ajili ya makumbusho alitaka "kiti cha kabila fulani", na jina la fundi lingeharibu maana hiyo, maana lingekifanya kiti cha mtu.

Maonyesho ya hadhara ya kwanza katika koloni yalifanywa Dar es Salaam mwaka 1904. Ya pili yalitangazwa kwa mwezi wa Agosti, 1914, ili pia kusherehekea reli ya kati iliyokuwa imefika Kigoma mwaka huo. Wageni walikuwa wamekwisha kufika, na badala ya maonyesho ikaja vita. Katika vita hiyo Wabelgiji waliingia kutoka magharibi. Baada yake mipaka ilichorwa na kuchorwa tena, na Bugufi, iliyokuwa ya Urundi kwa lugha na kwa heshima, ikaishia upande wa Tanganyika. Mwami Mwambutsa wa Urundi aliidai tena mbele ya Umoja wa Mataifa katika miaka ya mwisho ya 1940, lakini mpaka haukusogea. Kwa fundi jambo hilo lilikuwa na matokeo yake: mchonga viti wa Bugufi akawa Mtanganyika na binamu yake wa ng'ambo ya mpaka akawa wa Ruanda-Urundi, na kazi zao, zilizotoka katika mkono wa mafunzo mmoja, zikaingia katika vitabu viwili.

Waingereza walipenda maonyesho, lakini ya mazao zaidi. Mwaka 1924 nchi za Afrika ya Mashariki zilipewa banda lao katika Maonyesho ya Dola huko Wembley. Katika wilaya, kilichosifiwa ni kahawa. Chama cha ushirika cha kahawa cha Bugufi, kilichoanzishwa mwaka 1936, ni miongoni mwa vya mwanzo katika Tanganyika. Ufundi wa mti nao ulipata mwalimu mpya, naye ni misheni. Vituo kama Katoke katika Biharamulo na Murgwanza katika Ngara vilihitaji milango, madirisha, madawati na viti vya kanisa, na vitu hivyo vyote ni vya kuunganishwa. Basi kijana aliyejifunza useremala alijifunza randa na patasi na kona ya mraba. Si kwamba alisahau kuchonga. Ila kazi moja ilikuwa na mshahara na nyingine ilikuwa na mtemi, na mtemi alikuwa akizidi kupungukiwa na uwezo wa kulipa.

Uganda jambo hili lilitazamwa kwa jicho jingine. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, aliandika pamoja na Wachsmann kitabu juu ya ufundi wa makabila ya Uganda, kilichotoka mwaka 1953, na humo kila namna ya kiti, kibuyu na mfuma imechorwa kwa kalamu na kuelezwa inavyotengenezwa. Upande wa kusini wa Mto Kagera haukupata kitabu kama hicho. Makumbusho ya Dar es Salaam yalifunguliwa mwaka 1940, na kutoka Ngara hadi huko ni mwendo mrefu hata leo.

Mwaka 1963 sheria ilifuta utawala wa machifu. Watu wengi huandika habari hii kama habari ya siasa, nayo ndivyo ilivyo. Lakini kwa mchonga viti, mfua mikuki na mpigaji wa ngoma ya ikulu ilikuwa pia habari ya riziki. Mteja wake mkubwa aliondoka, na pamoja naye uliondoka ukumbi ambao kazi yake ilitazamwa. Mahali pa ukumbi ule palikuwa na kushikwa na uwanja wa taifa. Saba Saba, siku ya kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954, ilikuwa siku ya wakulima pia na siku ya maonyesho. Ya Dar es Salaam yakawa ya kimataifa, na mwaka 2023 yalifanywa kwa mara ya 47. Wakulima walihamishiwa Nane Nane katika miaka ya 1990, na Mkoa wa Kagera, ambao hadi mwaka 1979 uliitwa Ziwa Magharibi, huyafanyia maonyesho yake Kyakailabwa, nje kidogo ya mji wa Bukoba. SIDO, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ndiyo iliyopewa ulezi wa viwanda vidogo. Nyumba ya Sanaa ilianza Dar es Salaam mwaka 1972. Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa mwaka 1967, kina msonge wa Wahaya uliojengwa kwa ustadi. Mgeni wa Dar es Salaam aingiaye humo hupata kuiona Kagera, ila huiona Kagera ya Wahaya.

Hapo ndipo lilipo shina la jambo. Maonyesho ya kisasa humtaka fundi aje na mojawapo ya vitu viwili: ama bidhaa, yenye bei na idadi, ama utamaduni, wenye jina la kabila. Kiti cha Bugufi chaingia katika vyote viwili kwa shida. Kama bidhaa hakiwezi kushindana na kiti cha plastiki, maana hakuna viwili vinavyofanana na kila kimoja kimekula siku nyingi. Kama utamaduni huwekwa nyuma ya kamba, hakikaliwi. Milano humweka mbunifu mbele: jina lake huandikwa juu ya kiti, na watu humwuliza kwa nini mguu umepindwa vile. Swali hilo ndilo fundi wa Ngara angeweza kulijibu kuliko maswali yote, nalo halimo katika fomu ya banda.

Kisha pana habari ya miti. Tarehe 28 na 29 Aprili, 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara katika muda wa saa 24. Kambi ya Benaco ikawa, kwa siku chache, mji mkubwa kuliko yote ya mkoa. Hakuna awezaye kuwalaumu watu waliokimbia mauti kwa kukata kuni za kupikia. Lakini vilima vilivyozunguka kambi vilivuliwa nguo, na mti unaofaa kwa kiti au ngoma hauoti kwa msimu mmoja. Mchonga vyombo huchagua mti wake akingali umesimama, pengine miaka kabla ya kuukata. Akipotewa na msitu hapotewi na mbao tu. Apotewa na orodha yake yote ya miti, pamoja na majina yake na tabia zake, upi wapasuka ukikauka, upi hubeba maziwa bila kuyapa harufu, upi wafaa kwa tezo na upi huuma.

Mmoja katika miti hiyo ni ule ambao Waswahili huuita mringaringa. Warundi huuita umuvugangoma. Jina hilo ni sentensi nzima: ndani yake mna kitenzi kuvuga, yaani kusema, na ngoma. Mti wasemao ngoma. Na Mrundi apigapo ngoma hasemi kwamba anaipiga. Asema kuvuza, yaani anaifanya iseme. Mwaka 2014 UNESCO iliandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu, na kila mtu aliyeisikia ikilia atakubali kwamba yastahili. Orodha hiyo hufuata mipaka ya mataifa, kama makabati ya Berlin yalivyofuata vituo. Kamusi nazo zimeanza kuifikia Kagera: msamiati wa Kinyambo wa Rugemalira ulitoka mwaka 2002, na kamusi ya Kihaya ya Muzale mwaka 2006. Katika lugha za Ngara na Biharamulo, maneno ya kwanza kuulizwa yangekuwa yale ya tezo na kikapu: jina la duara linaloshika miguu ya kiti, jina la kitovu cha kikapu, jina la sehemu ya gogo ambayo fundi huitupa.